Sahani ya Wali Mbele ya Televisheni

Kabla hujagusa telekomande ya tele ya mtu, muulize kwanza kama nyumbani mwake wamepika. Najua mnacheka. Ninyi vijana mnaotengeneza simu hapa Kasongo mjini, kila mmoja na meza yake na mwavuli wake, mmeshasema mara nyingi kwamba kazi ya mzee Feruzi ilikuwa kula, na tele ilikuwa kisingizio. Sibishani nanyi. Nimekula katika nyumba nyingi kutoka hapa mpaka Kabambare, na kule Salamabila kwenye dhahabu nilikula hata kwa watu wasiojua jina langu. Lakini leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyokaribia kuvunja ndoa ya watu, na ilikuwa kwa sababu siku moja nilikaribishwa chakula nikakataa.

Nilianza kazi hii wakati tele ilikuwa sanduku lenye mgongo mkubwa. Wanaume wawili wanalibeba, wa tatu anatoa amri, na aliyetoa amri ndiye anayechoka kuliko wote. Siku hizi tele ni bapa. Motari mmoja anaifunga ndani ya godoro, anaiweka nyuma ya pikipiki, na anapita nayo kwenye matope yote ya barabara ya Wamaza. Tele inafika nzima. Yeye ndiye anafika amevunjika.

Aliyenifundisha ni muzee Sumaili, Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, mkali, hana meno mawili ya mbele, na hakuna aliyethubutu kumuuliza yalikwenda wapi. Alikuwa na sheria mbili za rangi. Ya kwanza, ukitaka kuijua rangi ya kioo fumba jicho moja, maana macho mawili yanabishana. Na jicho utakalolichagua liwe hilohilo siku zote, lizoee. Mimi nikachagua la kulia, nikaliita jicho la kazi. La kushoto nikaliacha lipumzike, na kweli lilipumzika miaka zaidi ya arobaini.

Sheria ya pili ndiyo hii mnayoicheka. Sumaili alisema usirekebishe rangi kwa kichwa chako, kwa sababu kichwa kinasahau na hakikubali kwamba kimesahau. Weka kando ya kioo kitu unachokijua. Kitu chake yeye kilikuwa sahani ya wali, sombe ya majani ya muhogo, na mawese mekundu. Akitokea kwenye kioo mtu wa shati jeupe, Sumaili anamlinganisha na wali. Yakitokea majani, anayalinganisha na sombe. Midomo iliyopakwa rangi na bendera nyekundu vinaangaliwa kwa mawese. Anazungusha vifungo polepole, jicho moja limefumbwa, mpaka kioo na sahani viseme neno moja. Halafu anaketi, ananawa mikono, na anakila kipimo chake chote.

Watu walinong'ona kwamba ile ilikuwa njaa tu. Mama mmoja alimuuliza, kama siku hiyo hakuna nyama, rangi zitatoka kweli? Sumaili akamjibu kwamba zitatoka, ila hazitadumu. Na mimi niliyekuwa namshikia bisibisi sikujua kama anatania. Mpaka leo sijui.

Nilipoanza kufanya kazi peke yangu niliifuata sheria ya sahani kwa miaka mingi. Lakini jina likanifuata nyuma. Sokoni waliniita Fundi Sahani. Nikipita barabarani mtu anamwambia mke wake afunike chungu. Vijana wangu, heshima ya mtu ni kitu rahisi sana kukipoteza, na mimi nina hasira za karibu. Siku moja nikaapa kwamba tangu hapo nitarekebisha rangi kwa jicho langu tu, bila sahani, kama bwana mkubwa. Mwacha asili ni mtumwa, wazee walisema. Mimi nilidhani wanamsema mtu mwingine.

Kabla sijafika kwenye aibu yangu, niwape kidogo cha kuwasaidia, msije mkasema mzee amewapotezea muda.

Mwenye tele mpya akikuambia picha ina ukungu, usifungue kitu. Pitisha ukucha kwenye pembe ya kioo. Kuna mfanyabiashara wa Salamabila aliniita kwa safari ya siku nzima, akasema tele yake ilizaliwa na ukungu. Nikapitisha ukucha, nikakuta nailoni ya kiwandani, imekaa pale miezi minane, imekusanya vumbi na alama za vidole vya ukoo mzima. Nikaivuta. Picha ikatoka safi kabisa. Yule bwana alikasirika mpaka akasimama. Alisema wageni walikuwa wanaona nailoni wanajua tele ni mpya, na sasa nimeigeuza kuwa ya zamani. Ilibidi tuirudishe kwa gundi. Kwa hiyo, waambie ubaya wa nailoni, lakini mwache mwenyewe aivute kwa mkono wake.

Tena, tele mpya ikiwashwa mara ya kwanza inauliza, uko nyumbani au uko dukani? Huyuhuyu bwana alikuwa anaangalia tele ndani ya duka lake, katikati ya viatu na masufuria. Akajibu kweli yake, dukani. Hakujua kwamba duka linaloulizwa ni lile la kuuzia tele. Basi kila anapotengeneza rangi, baada ya dakika chache tele inajirudisha kwenye ukali wake wote na maandishi makubwa yanapita kwenye nyuso za watu. Alidhani ni ushindani wa kibiashara, kuna mtu anamharibia. Nikamwambia, tajiri, ukiulizwa na tele uko wapi, jibu nyumbani, hata kama umelala msituni.

Na kuna ile hali inayolainisha mwendo wa picha. Mama mmoja wa hapa Kasongo alinilalamikia kwamba tangu apate tele mpya, filamu zote zinaonekana kama zimepigwa uani kwa jirani yake, na anasikia haya kuangalia. Nikaizima hali hiyo, waigizaji wakarudi kwao. Akanishukuru kama niliyemfukuzia wageni.

Haya. Sasa Wamaza.

Baba Anselme wa Wamaza ni mkulima wa mpunga na karanga, na ni katekista. Ni mtu mwema, lakini akiisha kusema jambo kanisani, hata yeye mwenyewe hawezi kulirudisha. Alivunjika mguu, akawa mtu wa kukaa kitini. Mwanawe Deo, anayeuza nguo Salamabila, akamnunulia tele kubwa ya bapa ili asichoke na ukuta. Mimi nikaitwa kutoka Kasongo kuja kuifunga: pano za jua juu ya bati, batri mbili chini ya meza, na tele juu ya meza yenyewe, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

Dada yake Baba Anselme, shangazi Perpetua, ndiye anayeshika nyumba ile. Nilipomaliza waya akaniuliza kwa adabu kama apike. Nikakumbuka lile jina la sokoni. Nikamjibu kwamba fundi wa kweli hapimi tele kwa tumbo. Nikafumba jicho la kushoto, nikatazama kwa jicho la kazi. Picha niliiona imeingia umanjano, kama gazeti lililosahaulika dirishani. Nikasema moyoni, hawa wa kiwandani hawajui kazi. Nikaingia kwenye orodha ya rangi, nikaivuta picha kutoka upande ulioandikwa joto mpaka mwisho wa upande ulioandikwa baridi, nikapandisha na mwanga, mpaka jicho la kazi likaona weupe mtupu. Nikaaga nikiwa na njaa na heshima.

Hakuna aliyelalamika. Baba Anselme alikuwa anaangalia mpira na kwaya za mbali, na nani wa Wamaza anajua rangi ya mwimbaji wa mbali? Hili mlishike vizuri. Rangi mbaya haijulikani mpaka siku atakapotokea kwenye kioo mtu wa kwenu.

Mtu wa kwao akatokea. Deo alikuwa amempata msichana, Furaha, mwalimu wa shule kule Kabambare. Wajomba walikwenda kujitambulisha na vitu vya mahari vikapokelewa. Lakini Baba Anselme hakuweza kwenda kwa sababu ya mguu, na shangazi Perpetua alibaki kumuuguza, na kisha mvua ikavunja daraja la kwenda Kabambare, wakawa wanavuka motari tu, pikipiki zao mtumbwini. Katika ukoo ule, bibi arusi haingii mpaka dada wa baba amwone kwa macho yake na kusema ndiyo. Deo alikuwa ameomba sherehe hiyo ya mahari ipigwe video yote, akaileta kwa flashi, akasema shangazi atamwona Furaha kwenye tele, tena mkubwa kuliko alivyo. Shangazi akakubali. Wakaketi, na majirani wawili watatu.

Furaha akatokea kwenye kioo mweupe kama chaki, na midomo ya zambarau.

Mnajua ni nini hicho kwa Baba Anselme. Miaka yote alikuwa anahubiri kwamba anayejichubua ngozi anamrudishia Mungu kazi yake na kumwambia arudie. Aliwahi kuwatoa waimbaji wawili mstari wa mbele kwa jambo hilo. Sasa mkwe wake mwenyewe yuko pale, anang'aa kama bati jipya. Deo alijaribu kusema kwamba hata watu wengine kwenye video wamepauka. Shangazi Perpetua akasema wajomba wamepauka kwa vumbi la safari. Deo akauliza, na watu wa kwao Furaha? Shangazi akasema basi ni ukoo mzima unajichubua, na hiyo ni mbaya zaidi.

Deo akatoa simu yake, akawaonyesha Furaha yuleyule, sherehe ileile, na ngozi yake nyeusi nzuri. Baba Anselme hakuishika hata kidogo.

"Simu iko ya mufukoni," alisema. "Kitu ya mufukoni itakuambia ukweli gani?"

Akaandika barua ya kuvunja uchumba. Kuomba msichana aletwe kukaguliwa ngozi hakukuwezekana: ukoo wa Kabambare wangeona wametukanwa, na ingekuwa mwisho vilevile. Deo akamwomba baba yake jambo moja tu, kwamba kabla ya barua kuondoka, fundi aitwe aiangalie tele. Baba Anselme akakubali haraka, kwa sababu aliniamini mimi kuliko nilivyostahili. Alisema tele hiyo imerekebishwa na Feruzi wa Kasongo, mtu wa miaka arobaini kazini. Feruzi akisema iko sawa, barua itaondoka na pikipiki ileile iliyomleta.

Deo alinipigia simu akinieleza yote hayo, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. Mimi nilimhurumia, kweli. Lakini niwaambie lililokuwa moyoni mwangu, kwa kuwa sasa ni mzee na siogopi: njia nzima juu ya pikipiki nilikuwa nimekasirika. Sio kwa ajili ya msichana. Nilikasirika kwamba kuna mtu anasema rangi za Feruzi ni za uongo.

Tulifika mchana, mvua imetulia. Motari akaegesha pikipiki uani, akaomba maji, akangoja barua. Ndani walikuwa wamekaa kama watu wa baraza la hukumu: Baba Anselme na mguu wake juu ya kigoda, shangazi Perpetua amefunga kitambaa kichwani kwa nguvu, Deo kwenye kona. Tele inawaka, na Furaha amesimamishwa pale kwenye kioo, na gauni lake jeupe.

"Fundi," Baba Anselme akasema, "ni weye ulitengeneza hii tele. Sema mbele ya watu: iko sawa ao haiko sawa?"

Nikafumba jicho la kushoto. Nikatazama gauni. Jeupe kabisa, halina doa la umanjano.

"Iko sawa," nikasema.

Deo akashika kichwa. Baba Anselme akafungua Biblia, akatoa barua. Mimi nilisimama pale nimenyoosha mgongo, na fahari yangu ilidumu kama muda wa kumeza mate. Maana Deo hakunifokea. Aliniuliza polepole, kama mwanafunzi anayemuuliza mwalimu.

"Papa Feruzi, Furaha mwenyewe ulishamuona?"

"Hapana," nikamjibu.

"Basi unajuaje?"

Vijana, swali hilo nilishaulizwa zamani. Nilikuwa nimemwambia Sumaili kwamba tele fulani imekaa vizuri, na akaniuliza maneno hayohayo, unajuaje, kisha akanirudisha jikoni kwa mwenye nyumba nikaombe sahani. Sikuwa nimemkumbuka Sumaili kwa muda mrefu. Pale Wamaza nilimwona mzima, na pengo lake la meno. Nikageuka, nikamuuliza shangazi Perpetua kama amepika.

Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. Alisema siku ile niliyokaribishwa nilikataa, na leo nyumba ina msiba ndipo tumbo langu limefunguka. Nikamwambia siombi cha kula, naomba cha kupimia, na nataka wali, sombe na mawese juu ya sahani moja. Akaenda, akarudi, akaiweka kwa kishindo. Nikaisogeza video mbele mpaka kwenye meza ya karamu, pale wageni wanapopakuliwa wali, nikasimamisha picha. Nikaiweka sahani kando ya kioo, mlango wazi, mwanga wa mchana unaingia. Nikafumba jicho la kushoto.

Wali wa kwenye kioo, mweupe. Wali wa kwenye sahani, manjano.

Nikamgeukia shangazi nikiwa nimeudhika, kwa sababu kipimo kikichafuka hakuna kazi. Nikamuuliza kwa nini ametia bizari kwenye wali.

Pale ndipo nilipoona shangazi Perpetua akisimama wima. Alisema tangu azaliwe hajatia bizari kwenye wali, kwamba mchele huo ameutwanga yeye mwenyewe na kuupepeta mara tatu, na kwamba hapa Wamaza hakuna mpumbavu asiyejua wali mweupe ni upi. Nikakisogelea kile chakula, nikainama, na katika kuinama nikalisahau jicho la kushoto likafunguka. Wali ukawa mweupe. Nikafumba la kushoto. Manjano. Nikafumba la kulia. Mweupe. Nikatazama kioo kwa jicho la kushoto peke yake, kwa mara ya kwanza tangu niifunge tele ile. Meza yote ya karamu ilikuwa ya buluu. Wali wa buluu, sombe ya buluu, na wajomba wa Deo wamekaa wanakula kama maiti wenye hamu.

Niliogopa, nasema wazi. Kinyozi hajinyoi: miaka yote nimekagua rangi za tele za watu, na sikukagua rangi ya jicho langu. Lilikuwa limeota utando polepole, na kwa kuwa kila siku nakula na kutembea kwa macho mawili, sikujua. Ni kazini tu nilipolitumia peke yake. Yaani mahali pekee nilipohitaji jicho zima, ndipo nilipopeleka bovu.

Na sasa sikilizeni ubaya wangu. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa Furaha. Nilifikiri namna ya kutoka pale na jina langu. Nikashika telekomande, nikairudisha picha kutoka baridi kwenda joto, nikapunguza mwanga, nikitazama kwa jicho la kushoto, mpaka wali wa kioo na wali wa sahani vikafanana. Nikairudisha video kwa Furaha. Akatokea mweusi, mashavu ya duara, midomo yake ya kawaida. Deo alitoa pumzi ambayo nadhani aliishika wiki nzima. Nami nikakohoa, nikasema kwamba batri zilikuwa zimeshuka siku ile, na batri zikishuka rangi zinapauka.

Shangazi Perpetua akasema siku ile jua lilikuwa kali tangu asubuhi na batri zilijaa mpaka zikalia. Baba Anselme hakuiweka barua chini. Alimtazama Furaha mweusi, akanitazama mimi.

"Fundi, kama unaweza kumugeuza mweusi na telekomande," akasema, "nitajuaje ule mweupe hakuwa wa kweli? Labda Deo alikuomba."

Alikuwa na haki. Hakuna swali la rangi gumu kuliko hilo, na nimewasikia wenye tele wengi wakiliuliza kwa maneno mengine: picha ipi ni ya kweli, ile ya kwanza au hii? Nje motari aliwasha pikipiki kuijaribu. Deo akanitazama, na niliona kwamba msichana anaondoka kwenye maisha yake kwa sababu ya batri nilizozisingizia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale mezani, mbele ya sahani.

"Tele haina kosa," nikasema. "Simu haina kosa. Kosa iko mu jicho yangu."

Ilikuwa kama nimevua shati kanisani. Nikawaeleza yote, jicho la kazi, jicho la kupumzika, Sumaili, Fundi Sahani, na heshima yangu iliyokataa chakula. Shangazi Perpetua hakuamini kwa kusikia. Alinikalisha, akanifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake kilichonuka vitunguu, akaniuliza wali una rangi gani. Nikasema manjano. Akakiondoa kiganja, akauliza tena. Nikasema mweupe. Akarudia mara tatu, nadhani mara ya mwisho ilikuwa ni kwa kunikomoa kwa ajili ya ile bizari. Kisha akachukua sahani, akaishika yeye mwenyewe kando ya kioo, sombe kwa sombe, wali kwa wali, akasimama hapo akilinganisha kwa muda mrefu. Mwishowe akamtazama Furaha.

"Kumbe iko mweusi kunishinda mimi," akasema.

Baba Anselme alicheka kwanza kimyakimya, bega linatikisika, halafu akacheka mpaka mguu ukamuuma. Akasema miezi yote hiyo alikuwa anajiuliza kwa nini wachezaji wa mpira wanaonekana wana baridi. Barua akaikunja mara nne. Akampa Deo, na Deo akainama akaiweka chini ya ule mguu mfupi wa meza. Tele ikakaa sawasawa kwa mara ya kwanza. Motari akaambiwa azime pikipiki aingie ale.

Nami nikala. Sikuacha hata punje.

Nilipofika Kasongo, daktari alinimulika akasema ni mtoto wa jicho, amekaa pale miaka kadhaa. Nikafunga meza yangu wiki ileile. Lakini sikulala vizuri, kwa kuwa nilikuwa nikihesabu nyumba: kutoka hapa mpaka Kabambare, ni watu wangapi wanaangalia dunia ya buluu kwa sababu yangu? Nikapanda pikipiki, nikawarudia mmoja mmoja, na sahani. Wengine walinishukuru. Wengine walikataa katakata. Yule bwana wa Salamabila, ambaye naye nilikuwa nimemtilia baridi yangu, alisema hiyo buluu ndiyo upya wenyewe, na kama nimemwondolea nailoni nisimwondolee na buluu. Nikamwacha nayo. Fundi anamwambia mtu ukweli, hamlazimishi kuutazama.

Arusi ilifungwa daraja lilipotengenezwa. Nilialikwa, nikakaa nyuma, karibu na wapiga ngoma, kwa sababu aibu ilikuwa bado haijaniisha. Nilidhani bibi arusi hajui habari. Kumbe Deo alishamwambia kila kitu, hata bizari. Nikamwona anakuja kupita katikati ya watu, gauni lake linaburuta vumbini, ameshika sahani kwa mikono miwili. Aliinama kunisalimu kama mtoto anavyomsalimu baba, akaiweka mbele yangu: wali, sombe, na mawese juu yake.

"Papa Feruzi, nimeleta kipimo," akasema. "Angalia muzuri kwanza, kisha ukule."

Halafu akasimama kando ya sahani, akangoja.

Nikalifumba jicho la kazi. Nikatazama kwa lile ambalo nililipumzisha miaka arobaini. Wali ulikuwa mweupe. Sombe ilikuwa sombe. Na Furaha alikuwa mweusi, anacheka, na machozi yangu yalikuwa yameanza kuharibu picha. Nikanawa mikono, nikala.